Uwindaji wa kitalii: tubaki na marufuku ya Kenya au tufuate vitalu vya Tanzania?

Idi iliyopita, biriani imekwisha na kahawa tungu inazunguka, mjomba na shemeji walishikana kwa maneno barazani kwetu Majengo, Mombasa. Mjomba analima Sagalla, karibu na Voi, na shamba lake liko ukingoni mwa Tsavo Mashariki. Shemeji ni dereva wa watalii: huwachukua hotelini Diani alfajiri, akawarudisha kesho yake magharibi wamejaa vumbi jekundu hadi masikioni. Mjomba alikuwa amesikia redioni habari za wageni wanaolipa maelfu ya dola kumpiga ndovu mmoja upande wa Tanzania. "Ndovu yule yule aliyenimalizia mahindi," akasema. "Kwao ni pesa, kwangu ni hasara." Shemeji akamjibu kwa heshima, lakini sauti imepanda: "Mjomba, siku mlio wa bunduki ukisikika Tsavo, mimi gari naliuza."

Kisha wote wawili wakanigeukia. Kwetu mtu akishafika chuo hudhaniwa ana jibu la kila kitu. Niliwaomba siku mbili. Zikawa wiki tatu, na haya ndiyo niliyowarudishia.

Hakuna anayewinda ndani ya mbuga

Watu wengi, mjomba akiwa mmoja wao, wanaamini kwamba Tanzania imezifungulia bunduki mbuga zake. Sivyo. Serengeti, Mikumi, Saadani, na hata Mkomazi inayopakana na Tsavo Magharibi, zote ni hifadhi za taifa, na ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji ni marufuku kama kwetu. Uwindaji wa kitalii unafanyika nje ya hizo: kwenye mapori ya akiba, mapori tengefu, maeneo ya wazi, na ardhi ambayo vijiji vimeitenga kwa ajili ya wanyama, wanayoiita WMA. Eneo hukatwa vitalu, kampuni ikapewa kitalu na kukilipia. Mgeni naye hulipa ada kwa kila mnyama anayemwangusha, na bei ya nyumbu si bei ya simba. Hatembei peke yake. Lazima afuatane na mwindaji bingwa mwenye leseni na askari wa wanyamapori. Anayemtaka simba au ndovu mara nyingi hununua safari ya siku 21, kwa hiyo pesa inaanza kuhesabika kabla hata risasi haijatoka.

Kenya haina mlango huo. Uwindaji wa ndovu ulipigwa marufuku mwaka 1973, na wa wanyama wengine wote Mei 1977. Mwaka uliofuata maduka ya nyara yakafungwa, yale ya mikia ya pundamilia na viti vya miguu ya ndovu ambayo wazee wa mji bado wanayakumbuka. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikatia kufuli juu ya kufuli. Tanzania nayo ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, lakini ikaufungua tena 1978, mwaka mmoja tu baada ya sisi kufunga. Tangu hapo majirani wawili wenye wanyama wale wale, na makabila yaliyokatwa na mpaka ule ule, wamefuata njia mbili kwa takriban nusu karne. Mtu akitaka kulinganisha sera hatapata nafasi nzuri kuliko hii.

(Neno la pembeni: karatasi za Tanzania zinaandika "tembo". Mimi naandika ndovu. Mombasa ukisema umeona tembo njia ya Mazeras, utaulizwa limetoka mnazi wa nani.)

Wanyama walibaki wapi zaidi?

Shemeji alidhani swali hili litamshindia kesi. Halikumshindia, wala halikumshindia mjomba.

Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000 mwaka 1973. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Tazama tarehe hizo tena: sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea marufuku ikiwa tayari imewekwa. Marufuku ilimtoa porini mwindaji mwenye leseni, jangili akabaki na pori lote peke yake. Kilichobadilisha mambo ni kile kilichofuata: Rais Moi kuchoma tani 12 za pembe Nairobi Julai 1989, biashara ya pembe kupigwa marufuku duniani kuanzia 1990, na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kuanzishwa ikiwa na bunduki na magari. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini, karibu 15,000 kati yao wakiwa eneo la Tsavo, yaani nyuma ya nyumba ya mjomba.

Basi marufuku imefaulu? Kwa ndovu, kiasi. Kwa wengine, utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba tangu 1977 wanyamapori wa Kenya wamepungua kwa asilimia 68 hivi. Swala, twiga, kongoni, nyati. Hawakuuawa na watalii wenye bunduki, maana hao hawakuwapo. Waliuawa na ua wa seng'enge, mashamba, ng'ombe waliozidi, kitoweo, na ukame. Wanyama wetu wengi huishi nje ya mbuga, kwenye ardhi ya watu, na mwenye ardhi asipofaidika na pundamilia atamfuga mbuzi. Mwaka 2022 peke yake ukame uliua ndovu 205 kati ya Februari na Oktoba. Mei 2023 wafugaji karibu na Amboseli waliua simba kumi kwa wiki moja, mmoja wao akiwa Loonkiito, mzee wa miaka 19. Hakuna aliyekuwa na leseni na hakuna aliyelipa ada.

Sasa vuka mpaka. Selous, pori la uwindaji lililokuwa na sifa kuliko yote Afrika, lilikuwa na ndovu kama 110,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walihesabiwa 13,000 na ushei. Nchi nzima ya Tanzania ilishuka kutoka 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Wale wanaosema kwamba wawindaji wenye vitalu ndio walinzi wa pori wana deni la kueleza miaka hiyo mitano. Nasi tusijitoe: pembe nyingi za Afrika Mashariki zilipitia Kilindini, bandari yetu, ndani ya makontena yaliyoandikwa chai na maharagwe. Juni 2014 pembe za zaidi ya tani mbili zilikamatwa ghalani papa hapa mjini. Mahakama ya Mombasa ilimfunga mtu miaka 20 mwaka 2016, na 2018 akaachiliwa kwa rufaa. Jangili wa Ruvuma asingekuwa na kazi bila mtu wa makaratasi wa Mombasa.

Kwa kujumlisha hesabu za ndovu, ni sare, na sare mbaya. Lakini Tanzania ina jambo moja ambalo sisi hatuna: pori lenyewe. Ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko zote Afrika, na si wachache kati yao wako ndani ya vitalu. Fikiria msitu wa miombo huko magharibi, mbung'o wanauma mchana kutwa, hakuna barabara, mnyama mmoja kila baada ya saa mbili. Shemeji hawezi kumpeleka mtalii wa siku mbili kule. Atarudi na malalamiko na picha ya mti. Mwindaji anakwenda, tena anapapenda kwa sababu hakuna mtu. Kitalu kikifa, kinachoingia ni mkaa, ufuta na ng'ombe. Nilimwambia shemeji hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, naye alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Kasoro tu ni kwamba hata vitalu hufa: miaka ya 2010 kampuni nyingi zilivirudisha kwa sababu havikulipa, hasa Marekani ilipozuia nyara za ndovu kutoka Tanzania kuanzia 2014. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilitolewa kwenye uwindaji ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Madume wa Longido

Hapa ndipo nilipoacha kusoma kwa utulivu.

Ndovu wa Amboseli wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972. Wana majina, mama zao wanajulikana. Madume wao huvuka mpaka kuingia Enduimet na Longido, upande wa Tanzania, ambako ni eneo la kitalu. Mwaka 1994 walipigwa kadhaa, kelele zikawa nyingi, na uwindaji wa ndovu karibu na mpaka ukasimama kwa karibu miaka 30. Kisha kuanzia Septemba 2023 hadi 2024 madume wasiopungua watano walipigwa tena, kati yao waliokuwa na pembe kubwa zinazokaribia kugusa ardhi. Ilifanyika kwa mujibu wa sheria ya Tanzania. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu mitandaoni kwetu wawindaji hao waliitwa majangili, na hawakuwa.

Upande wa hoja ya kuwinda husema: dume mzee ameshazaa, acha aondoke na pesa. Watafiti wa Amboseli wanasema kinyume, na rekodi ya miaka hamsini iko mikononi mwao: dume hupata majike wengi baada ya kupita miaka 35, na madume vijana humfuata yeye kujifunza njia na adabu. Ukimtoa yeye, unatoa baba na mwalimu kwa risasi moja.

Kwangu mimi kilichokata shauri ni hesabu ya duka. Mwindaji anataka pembe kubwa. Mtalii wa shemeji anataka pembe kubwa hizo hizo. Anauzwa mara moja au anauzwa kila siku kwa miaka thelathini, na wanaopokea pesa ni watu wawili tofauti walio pande mbili za mpaka, wasioulizana. Nyati wa kitalu cha mbali hamnyimi shemeji mkate. Dume wa mpakani anamnyima. Kwa hiyo hata kama ningekuwa mpenzi wa uwindaji, ningesema: si hapa, si kwenye mnyama anayevuka mpaka.

Tsavo yetu imebahatika kidogo, kwa kuwa upande wa pili wake kuna Mkomazi, ambayo ni hifadhi ya taifa. Madume wetu wenye pembe ndefu hawakuti kitalu wakivuka. Wanakuta mshale wa sumu, kama Satao aliyeuawa Tsavo Mashariki Mei 2014.

Mwindaji ni nani, jangili ni nani?

Mshale huo una historia yake. Waata, ambao Waswahili wengi tuliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kati ya Galana na pwani kwa pinde ndefu zinazohitaji nguvu za ajabu kuzivuta. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948 juu ya ardhi waliyokuwa wakiwinda. Miaka ya 1950 ikaja kampeni kubwa ya kupambana na ujangili, Waata wengi wakafungwa jela, huku mgeni mwenye leseni akipiga ndovu huyo huyo ng'ambo ya mpaka wa mbuga na kupigwa picha ya gazeti. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Galana ili Waata wawinde kihalali. Haukudumu.

Nalitaja kwa sababu kila nikisikia mtu anadai "turudishe uwindaji ni utamaduni wetu", nauliza leseni itatoka kwa jina la nani. Haitatoka kwa jina la Mwaata. Kwa upande wa Tanzania, Loliondo inatosha kuwa onyo: kampuni ya kutoka Falme za Kiarabu imewinda huko tangu miaka ya 1990, na Juni 2022 Wamaasai walizozana na polisi pale serikali ilipoweka alama kutenga kilomita za mraba 1,500 za malisho yao. Kitalu nacho kina mwenye nguvu na asiye na nguvu. Marufuku pia, ila ile haijifanyi biashara.

Mjomba anapata nini?

Kwa maandishi, Kenya ni karimu. Sheria ya 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa jeraha jingine, na mazao nayo yanafidiwa. Kwa vitendo watu husubiri miaka. Tanzania haijifanyi inalipa fidia: inaita kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo, na kanuni za 2011 ziliweka milioni moja ya huko kwa aliyefariki, takriban elfu hamsini zetu. Mjomba alicheka aliposikia jina hilo. "Angalau wao wanasema ukweli."

Lakini kijiji cha Tanzania chenye WMA hupata mgao wa ada za uwindaji, na mgao huo umejenga madarasa na kulipa askari wa kijiji. Taita-Taveta, ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni Tsavo, imekuwa ikidai sehemu ya pesa za lango kwa miaka mingi. Kwa hiyo mjomba akisema jirani anafaidi kuliko yeye, hajakosea. Amekosea kudhani kinachomfaidisha jirani ni bunduki. Ni mgao.

Na mgao bila bunduki upo, tena si mbali. Ranchi za Kasigau, kati ya mbuga mbili za Tsavo, zimeuza hewa ya ukaa tangu 2011 kwa kutokata miti, na pesa hugawiwa wenye hisa na miradi ya maji na karo. Mwaluganje, Kwale, wakulima waliunganisha mashamba yao miaka ya 1990 kuwapisha ndovu wa Shimba Hills na wakalipwa kutokana na wageni. Sitakudanganya kwamba ni mteremko. Mgao wa Mwaluganje hutegemea mgeni, na mgeni wa Pwani ni mwoga: mwaka 2014 nchi za Ulaya zilitoa tahadhari ya usafiri hoteli zikafungwa, 2020 ikaja Korona na shemeji akauza samaki Kongowea kwa miezi minane. Utalii wa kamera ni mguu mmoja. Wa bunduki nao ni mguu mmoja, tena mwembamba zaidi, maana waziri mmoja Washington akiandika barua, msimu umekufa.

Mifano ya mbali, kwa haraka

Kuna atakayekutajia Australia. Jimbo la New South Wales lilitaka mwaka 2012 kuwaruhusu wawindaji wa kujifurahisha ndani ya mbuga 79, na 2013 likaurudisha nyuma mpango wenyewe. Kule wanaowindwa ni mbuzi, nguruwe na mbweha walioletwa kwa meli na kuharibu pori. Hatuna tatizo hilo na mfano huo hautufai. Botswana ilifunga 2014 ikafungua 2019 na ina ndovu wengi kuliko nchi yoyote. Huko hoja ya mjomba ina uzito kuliko hapa. Zimbabwe utaambiwa ya simba Cecil, 2015, aliyevutiwa nje ya mbuga ya Hwange ndipo akapigwa. Cecil anafaa kukumbukwa kwa jambo moja tu: mstari wa mbuga mnyama hauoni.

Ningechagua nini

Kama uko mbali na barabara, mbali na bahari, kwenye pori ambalo hakuna mtalii wa kamera atakayelifikia, na serikali yako inaweza kuhesabu wanyama na kulipa vijiji, kitalu kinaweza kuwa bora kuliko mkaa. Sina aibu kuliandika hilo, ingawa shemeji atanuna. Hiyo ni magharibi ya Tanzania.

Kama uko Taita, Kwale au Tana, saa chache kutoka Mombasa kwa lami na kwa reli, ubaki na marufuku. Sababu yangu si huruma, ingawa huruma ninayo. Kuwinda vizuri ni kazi ngumu ya makaratasi kuliko kutowinda. Tanzania inataka simba anayepigwa awe na miaka sita au zaidi, na mtu lazima akague meno na fuvu na akatae rushwa. Kenya yenyewe ilijaribu jambo jepesi zaidi: kuanzia miaka ya 1990 mashamba makubwa machache yaliruhusiwa kuvuna pundamilia na wengine kwa kiwango, na mwaka 2003 ikasimamishwa. Bunge lilipopitisha mswada wa 2004 ambao ungefungua mlango, Rais Kibaki alikataa kuutia saini. Nchi ambayo faili la fidia la mahindi linalala miaka kabatini haitaweza kuhesabu meno ya simba.

Kwa hiyo dai la mjomba lisiwe bunduki. Liwe mgao wa lango la Tsavo, na fidia kwa wakati. Na wakati anasubiri, mizinga: huko huko Sagalla kuna wakulima waliozungushia shamba uzio wa mizinga ya nyuki, waya ukiguswa nyuki wanatoka na ndovu hukimbia kama mtoto. Asali unauza.

Nilimsomea yote haya kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mizinga atafikiria, ya mgao ni ndoto, na ya bunduki bado hajashawishika. Kisha akaniomba nimwandikie barua nyingine ya kuulizia fidia ya mahindi ya mwaka juzi. Hii itakuwa ya nne.